Aliyeona Akanyamaza

Hebu tuanze na maneno. Mwanafunzi wa Tanzania anayenakili kazi ya mwenzake "anadesa". Akichungulia karatasi ya jirani "anaangalizia", au "anapiga chabo". Yasikilize vizuri: hakuna hata moja lenye ukali. Ni maneno ya utani, ya watu wanaojuana. Kenya wana neno tamu zaidi. Kile kijikaratasi kinachofichwa ndani ya soksi wanakiita "mwakenya", na jina limetoka kwa Mwakenya, vuguvugu la siri la miaka ya 1980 lililompinga Rais Moi. Vipeperushi vya aina hiyo vilipitishwa mkono kwa mkono, na ukikamatwa navyo ni jela. Wanafunzi wakalichukua jina wakaivisha karatasi yao ya fomula. Yaani kuibia mtihani kukapata na heshima kidogo ya mapambano.

Sasa mtafutie jina yule anayekwenda kumwambia mwalimu. Mnoko. Mchongezi. Msaliti. Mbea. Huwezi kupata hata moja analoweza kutembea nalo kifua mbele. "Shahidi" halimfai, maana shahidi huitwa na huyu kajipeleka mwenyewe.

Tuna kiranja, ndiyo. Kamusi zinatuambia kwamba kiranja asilia alikuwa kijana wa kwanza kuingia kisuni jandoni: anayetangulia kuumia ili wenzake waone kwamba haiui. Kisha zikaja shule za kikoloni na mtindo wa shule za bweni za Uingereza, ambako wanafunzi wachache waliwasimamia wengine kwa niaba ya walimu, na neno letu likabebeshwa kazi mpya. Yule aliyekuwa wa kwanza kuumia akapewa karatasi ya kuandika majina ya wapiga kelele. Sishangai kwamba hatujawahi kumpenda.

Mimi ni mwandishi wa habari, kwa hiyo nina maslahi katika jambo hili na ni vizuri niyataje. Kazi yangu isingekuwepo bila watu wanaosema juu ya wenzao. Kila habari nzito ya ofisi yoyote ile ilianza na mtu mmoja aliyeamua kwamba amechoka kunyamaza. Kwa hiyo ningetarajiwa kuwa upande wa mnoko. Na bado nikimfikiria mwanafunzi wa miaka 20 aliyeona jirani yake akifunua kikaratasi, au tuseme hajaona kabisa bali anahisi tu, sina haraka ya kumwambia anyanyuke aende ofisini. Historia ndiyo imenipunguza haraka.

Maana kuna mahali walijaribu kulimaliza swali hili kwa kuliandika kwenye sheria. Ni Marekani.

Kisa cha mwanzo si cha mtihani, ni cha bastola. Chuo Kikuu cha Virginia, kilichoasisiwa na Thomas Jefferson, kilijaa vijana wa kitajiri, watoto wa wenye mashamba na wenye watumwa, na fujo zao zilikuwa za kutisha. Usiku wa tarehe 12 Novemba 1840, profesa wa sheria John A. G. Davis alitoka nje ya nyumba yake kuwatuliza wanafunzi waliovaa vinyago wakipiga risasi ovyo. Alijaribu kumvua mmoja kinyago. Akapigwa risasi, na siku mbili baadaye akafa. Masimulizi ya chuo yanasema kwamba hata pale kitandani alikataa kumtaja aliyempiga. Alitaka kijana ajitokeze mwenyewe.

Mwaka 1842 mrithi wake, Henry St. George Tucker, akapendekeza jambo ambalo lilikuwa geni: mwanafunzi amalizapo mtihani atie saini kwamba hakupata msaada wowote. Ukiitazama saini ile utaona kwamba inamhusu mwenye kalamu peke yake. Mimi sikuibia. Juu ya jirani yangu sijaapa chochote. Na heshima yenyewe, tusijidanganye, ilikuwa ya wazungu waungwana tu. Aliyesafisha chumba cha mtihani alikuwa mtumwa na hakuna aliyemuuliza juu ya heshima yake.

Hatua ya pili, ile ya kumwapia na jirani, ilikomaa jeshini.

Chuo cha kijeshi cha West Point kipo kando ya mto Hudson, kaskazini ya jiji la New York, tangu 1802. Mambo ya heshima yalikuwa kwa muda mrefu mikononi mwa kadeti wenyewe, kwa kamati zisizo rasmi. Douglas MacArthur, aliyekuwa mkuu wa chuo kati ya 1919 na 1922, ndiye aliyezirasimisha zikawa Kamati ya Heshima. Kanuni yenyewe ni fupi, inaingia kwenye kiganja: kadeti hadanganyi, haibii, haibi, wala hamvumilii afanyaye hayo. Kipande cha mwisho kiliingizwa rasmi kwenye maandishi mwaka 1970, lakini kilikuwa kikifuatwa miaka mingi kabla. Na adhabu ilikuwa moja tu. Unaondoka. Hakuna onyo, hakuna kurudia somo. Aliyechungulia jibu moja na aliyeuza mtihani mzima walitoka kwa mlango uleule, na nyuma yao anafuata aliyeona akanyamaza.

Tuwatendee haki kwanza. Hoja ya jeshi si ya kijinga. Ofisa anayeficha uongo mdogo wa rafiki yake kuhusu idadi ya risasi zilizobaki anaweza kuua kikosi kizima kesho yake asubuhi. Wao wanataka mtu ambaye uaminifu wake kwa kazi unaushinda uaminifu wake kwa rafiki, na wanaamini ni afadhali ajifunze hilo akiwa darasani, kabla hajapewa watu wa kuwaongoza. Ni fikra nzito na inastahili kujibiwa kwa uzito. Tatizo ni kwamba ilijaribiwa, na matokeo tunayo.

Mwaka 1951 West Point ilikuwa na timu ya mpira wa Kimarekani (ule unaobebwa mikononi) iliyoogopwa nchi nzima. Kocha wao, Earl Blaik, alikuwa ameshachukua ubingwa wa taifa mara mbili mfululizo, 1944 na 1945. Kijana mmoja aitwaye Vince Lombardi, ambaye baadaye jina lake lingewekwa kwenye kombe kubwa kuliko yote ya mchezo huo, alikuwa msaidizi wake. Wachezaji walifanya mazoezi mpaka jioni na bado walitakiwa kupimwa darasani kama wengine, na West Point ilipima karibu kila siku.

Hapa pana jambo la kiufundi ambalo ndilo kiini cha yote. Kadeti, wapatao 2,500, waligawanywa katika rejimenti mbili. Rejimenti moja ilifanya jaribio leo, ya pili ikafanya kesho. Jaribio lilelile. Maswali yaleyale. Chuo kilijua, walimu walijua, na kilichozuia maswali yasivuke usiku ule kutoka bweni moja kwenda jingine kilikuwa Kanuni ya Heshima, basi. Kila nikisoma sehemu hii nacheka kidogo, samahani. Ni kama kuacha sufuria ya pilau wazi kwenye nyumba ya watoto 2,500 na kubandika karatasi ukutani kwamba watoto wa nyumba hii hawadokoi.

Wakadokoa. Ilianza na msaada wa masomo kwa wachezaji, jambo halali, na polepole msaada ukawa maswali yenyewe, na maswali yakapita kutoka kwa wachezaji hadi kwa wanaoishi nao chumbani hadi kwa marafiki wa marafiki. Katika masika ya 1951, kadeti mmoja aliyekuwa ameguswa na mtandao huo alienda kusema. Habari zilimfikia Kanali Paul Harkins, msimamizi wa kadeti. Harkins hakuvamia. Alitaka majina. Kwa hiyo vijana wachache wakaombwa wajifanye nao wamo, waingie, wasikilize, walete orodha.

Mimi kwa Harkins ninaishia hapo. Kanuni inayokataza uongo iliwatuma vijana waseme uongo kwa wiki kadhaa, mezani, mazoezini, chumbani, kwa watu waliowaamini. Kama mwandishi najua kazi ya kujificha ilivyo, wenzangu wengine wameifanya kwa sababu nzuri kabisa. Lakini sisi huifanya dhidi ya watu wenye nguvu kuliko sisi, na hatulali nao chumba kimoja.

Mwishoni mwa Mei jopo la maafisa likaanza kuwaita kadeti mmoja mmoja. Kocha Blaik, ambaye mwanawe Bob alikuwa mchezeshaji wa timu na naye amo kwenye orodha, aliwashauri vijana wake waseme kweli. Wengi walisema. Tarehe 3 Agosti 1951 jeshi likatangaza kwamba kadeti takriban 90 watafukuzwa. Zaidi ya 30 kati yao walikuwa wachezaji wa mpira, na mtoto wa kocha akiwa mmoja wao. Jopo la wazee watatu, likiongozwa na Jaji Learned Hand, mmoja wa majaji wanaoheshimiwa sana katika historia ya Marekani, lilipitia na kukubaliana na adhabu. Timu ikacheza msimu ule na vijana wapya ikashinda mechi 2, ikapoteza 7.

Ndani ya wale 90 walikuwemo wa aina tatu. Kuna waliopokea majibu. Kuna waliotoa majibu, wengine wakiwa wanafunzi wazuri wasiohitaji kuibia chochote. Halafu kuna wa tatu, ambao ndio wanaoninyima usingizi: hawakupokea wala hawakutoa. Walijua tu. Mtu anaishi chumba kimoja na mchezaji, anasikia mazungumzo usiku, anageukia ukuta. Asubuhi anafanya mtihani wake kwa akili yake. Huyo naye nje, na barua yake ya kufukuzwa haina tofauti na ya aliyedesa mwaka mzima.

Baadhi ya waliofukuzwa walidai kwa miaka mingi baadaye kwamba wapo walioulizwa, wakakana, wakabaki, wakahitimu. Aliyesema kweli mbele ya jopo aliondoka na aliyedanganya mbele ya jopo akavaa sare ya uofisa. Dai hilo lina uchungu wa walioumia ndani yake, lakini fikiria hesabu ya kijana aliyekalishwa pale. Hakuna ushahidi wa karatasi. Ukikiri, umekwisha. Ukimtaja rafiki, amekwisha yeye, na wewe pia kwa kuwa ulikuwa unajua. Ukikana, huenda ukapona. Sheria iliyokusudiwa kuwazoesha watu kusema ilikuwa imelipa bei nzuri zaidi kwa wasiosema.

Baba wa rais wa baadaye, Joseph Kennedy, alijitolea kwa siri kuwalipia ada katika Chuo cha Notre Dame waliotaka kuendelea na masomo huko. Huo ni wema, ingawa tajiri yule hakuwa mtu wa kumfundisha mtu uaminifu.

Tugeuke upande wa pili sasa, wa anayeshukiwa. Maana mpaka hapa nimeongea kana kwamba kosa linajulikana. Mara nyingi halijulikani. Unaona jirani anaandika baada ya muda kwisha, au majibu yake yanafanana mno na ya mwingine, au anatabasamu kwa mtihani uliomliza kila mtu. Unahisi. Ukiripoti hisia, nini kinamfuata yule mtu?

Mwaka 1971 kadeti James Pelosi alishtakiwa kwamba aliendelea kujaza majibu baada ya muda wa jaribio kwisha. Alikana. Kamati ya Heshima, yaani wanafunzi wenzake, ikamkuta na hatia, lakini uamuzi ukatenguliwa na wakuu kwa sababu utaratibu ulikiukwa. Kisheria, basi, alikuwa mtu huru. Wenzake wakampa kitu kilichoitwa Kimya. Hakuna aliyemsemesha isipokuwa kwa kazi. Alilala chumba peke yake. Alikula peke yake kwenye meza ya watu 10. Hii iliendelea kwa miezi 19. Alipungua uzito, mali zake ziliharibiwa, na hakuondoka. Alihitimu Juni 1973, magazeti yakaandika, na miezi michache baadaye kadeti wenyewe wakafuta Kimya.

Kimya hicho kilikuwa na historia, na ndiyo inayonifanya nisiwe mwepesi kukiita hasira ya watu waadilifu. Mwaka 1932 kijana mweusi aitwaye Benjamin O. Davis Mdogo aliingia West Point. Hakuibia kitu, hakudanganya mtu. Wenzake wakamnyamazia kwa miaka 4 mizima, hana mwenzake wa chumba, hana wa kula naye, kwa matumaini kwamba atakata tamaa aende. Hakwenda. Mwaka 1936 alihitimu akiwa wa 35 katika darasa la watu 276, na baadaye akawa jenerali wa kwanza mweusi wa jeshi la anga la Marekani. Chombo kilichodaiwa kulinda heshima kilifaa vilevile, bila kubadilishwa hata skrubu moja, kumtesa mtu kwa rangi yake. Vijana waliomnyamazia Davis kila siku walikuwa wanazingatia Kanuni ya Heshima. Hakuna hata mmoja aliyefikiri ameivunja.

Kwa hiyo ninapoulizwa kuhusu kumripoti mwenzako, nataka kujua kwanza nani atayapokea maneno yangu na atayafanyia nini. Hisia ile ile yangu, ikipelekwa kwa mwalimu mwenye busara, inaweza kuishia kwenye mazungumzo ya dakika 10. Ikipelekwa kwa kundi lenye hamu ya kumtoa mtu fulani, inakuwa kisu nilichowanolea.

Miaka 25 baada ya kashfa ya Blaik, West Point ilirudia, kwa ukubwa zaidi. Machi 1976 kadeti zaidi ya 800 wa mwaka wa tatu walipewa zoezi la uhandisi wa umeme, somo lenye namba 304, wakalifanyie vyumbani mwao bila kusaidiana. Somo la lazima, hata kwa wasioujua umeme kwa chochote zaidi ya kuwasha taa. Jambo lililofumua kila kitu linachekesha na kuhuzunisha kwa wakati mmoja: kadeti mmoja aliandika kwenye karatasi yake kwamba sehemu fulani alisaidiwa. Alikuwa mkweli! Walimu wakaanza kulinganisha karatasi, wakakuta makosa yanayofanana, na uzi ukavutwa.

Walioshtakiwa safari hii walikuwa na mawakili, na mawakili wakafanya jambo la akili. Wakasema: mnataka kanuni ya kutovumilia? Haya, tunawaletea majina. Yakaja mamia ya majina ya kadeti waliodaiwa kuibia, au kuona na kunyamaza, wengine wakiwa ndani ya kamati zilezile zinazohukumu. Ilidhihirika kwamba kama kila aliyenyamaza angefukuzwa, chuo kingebaki na majengo na mto. Mwishowe waliondoka zaidi ya 150.

Waziri wa Jeshi, Martin Hoffmann, akaunda tume chini ya Frank Borman, mhitimu wa chuo hichohicho, mwanaanga aliyeongoza Apollo 8 kuuzunguka mwezi mwaka 1968. Ungetegemea mzee kama huyo awaambie vijana waache kulialia. Ripoti yake ya Desemba 1976 ilifanya kinyume: ilisema kosa si la vijana peke yao, chuo chenyewe kimeuacha mfumo wa heshima uoze, na adhabu moja kwa makosa yote haifai. Waliofukuzwa wapewe nafasi ya kurudi baada ya mwaka. Waliorudi walikuwa 98.

Na kuhusu anayeona, tume ilipendekeza kitu ambacho nadhani ni cha maana kuliko kurasa zote zilizotangulia. Kadeti asiachiwe njia moja tu ya kwenda kuripoti. Anaweza kumshauri mwenzake, anaweza kumwonya, anaweza kumripoti. Asichoruhusiwa ni kugeukia ukuta. Hivi leo West Point kuna hatua ya kwanza inayotambulika: ukimshuku mwenzako, unamwendea yeye mwenyewe ukamwomba akueleze ulichokiona. Huenda ana maelezo. Huenda hana, na sasa anajua kwamba unajua.

Chuo cha jeshi la majini cha Annapolis kilikuwa kimelifikia jambo hili mapema. Mwaka uleule wa 1951, wakati West Point inafukuza, wanafunzi wa Annapolis walikuwa wanaandika kanuni yao, na mmoja wa walioishughulikia alikuwa Ross Perot, yule tajiri aliyekuja kugombea urais mwaka 1992 na 1996. Kanuni yao haikumbana anayeona kwa namna ya West Point. Anaruhusiwa kumkabili mwenzake, kumwonya, kisha kuamua. Wala sisemi Annapolis hawakuibia mitihani. Waliibia, na kashfa zao zipo. Lakini hawakumfanya rafiki aliyekaa kimya kuwa sawa na mwizi.

Kuna wanaosema haya yote ni maneno laini, kwamba ukiwapa watu nafasi ya "kuongea" wataongea tu na wizi utaendelea. Inawezekana. Ila ukitazama kwa makini, udanganyifu mkubwa unapopungua mara nyingi sababu haiko kwa wanafunzi kuchongeana. Kenya mwaka 2015 mitihani ya taifa ilivuja kwa wingi mpaka ikawa aibu. Machi 2016 bodi ya baraza la mitihani ikavunjwa, waziri Fred Matiang'i akaweka karatasi kwenye makontena yanayolindwa, na wakuu wa shule wakatakiwa kuzichukua wenyewe kila asubuhi ya mtihani. Wanafunzi wa kidato cha nne waliopata A safi walikuwa zaidi ya 2,600 mwaka 2015. Mwaka 2016 walikuwa 141. Wapo waliolalamika kwamba usahihishaji nao ulibadilika, na hoja hiyo haitupwi. Lakini hakuna aliyehitaji kumwomba mtoto wa miaka 17 amuuze mwenzake wa bweni. Walifunga sufuria.

Hilo ndilo ninaloliona kote. Kila mara swali la "je, nimripoti?" linapomfikia mwanafunzi, kuna mtu mzima mahali fulani aliyelikwepa kwanza. Aliyetoa jaribio lilelile siku mbili mfululizo. Aliyelazimisha umeme kwa watu 800 na kuwaachia waufanyie chumbani. Kijana anabebeshwa kazi ya mlinzi asiyelipwa, na akikataa anaitwa mhalifu. Bado nakubali kwamba zipo siku lazima useme: kama anayeibia anakwenda kuwa daktari wa mtu, au kama wizi wake unamwangusha mwenzako mwingine ambaye hajadesa na nafasi ni moja. Hapo mwendee, mwambie uso kwa uso, na asiposikia nenda mbele. Hilo halikufanyi mnoko.

Mwezi Mei 2020 West Point ilifanya mtihani wa kalkulasi kwa intaneti. Korona ilikuwa imewarudisha kadeti makwao. Walimu walipokaa kusahihisha, wakakuta kosa lilelile likijirudia karatasi baada ya karatasi, hatua moja ileile imepotoshwa kwa namna ileile. Kadeti 73 wakashtakiwa, karibu wote wa mwaka wa kwanza. Safari hii 8 walifukuzwa na 51 wakarudishwa mwaka mmoja nyuma. Kanuni haikuwa imebadilika hata neno: hadanganyi, haibii, haibi, hamvumilii. Lakini kila mmoja alikuwa amekaa peke yake, wengine kwenye vyumba walivyolala utotoni, mama yuko jikoni, na jirani aliyepaswa kuona alikuwa jimbo jingine.